Stewart Copeland na sauti ya The Police: kwa nini mapigo uliyoyakariri hayatoshi

Swali la msomaji: "Napiga dramu kwenye bendi ya watu watatu Arusha. Tunapiga reggae na roki hotelini. Tumejaribu nyimbo za The Police: 'Roxanne', 'So Lonely' na 'Walking on the Moon'. Mapigo nimeyakariri moja moja kwenye video, na mpiga besi wetu yuko vizuri, lakini tukipiga sisi muziki unatoka mzito na wa kawaida tu. Kila mtu anasema Stewart Copeland hakuwa mpiga dramu wa kawaida. Alileta nini hasa kwenye ile bendi? Mimi nianze kurekebisha wapi? Na je, ninunue zile ngoma nyembamba ndefu alizokuwa nazo?"

Ndugu, kama mapigo unayo na wimbo bado ni mzito, basi karibu hakika unapiga kitu mahali ambapo Copeland hakupiga kitu. Anza kutafuta hapo kabla ya kugusa chochote kingine.

Alichowapa The Police ni mambo matatu yanayoshikana. Aliutoa uzito kwenye pigo la 1. Aliipa hai-hati, yale matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu, kazi ya kuzungumza, kazi ambayo bendi nyingi za roki humwachia mpiga gita. Na alisukuma mbele kidogo ya besi, ilhali wapiga dramu wengi hukaa pamoja na besi au nyuma yake. Ukichukua moja tu kati ya hayo utapata pambo. Yakikaa pamoja, watu watatu wanasikika wengi na bado pana nafasi ya kupumua katikati.

Kwanza ujue alikotoka, kwa sababu hilo linaeleza mkono wake. Copeland ni Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1952, lakini utoto wake aliupitia Cairo na Beirut. Baba yake alikuwa mpenzi wa jazi, na ushikaji wa vijiti wa Copeland hadi leo ni ule wa wapiga jazi wa zamani: kiganja cha kushoto kinatazama juu na kijiti kinalala kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwenyewe ameeleza kwamba midundo ya Kiarabu aliyokua akiisikia Lebanoni ilimfanya aielewe reggae upesi, kwa kuwa huko nako uzito hauangukii pale ambapo roki inauweka. Msomaji aliyekulia Zanzibar au Mombasa ana akiba hiyohiyo bila kujua. Dumbak ya taarab imebeba midundo iliyotoka Misri, na mtu aliyeizoea hashangai pigo la 1 likipita jepesi.

Bendi ilianza London mwaka 1977, Copeland na Sting, aliyepiga besi na kuimba, na Henry Padovani kwenye gita. Mwaka huohuo Andy Summers aliingia na Padovani akatoka. London ilikuwa imeshikwa na panki: kasi, kelele, mapigo manyoofu. Watatu hawa walijua muziki zaidi ya panki. Sting alikuwa amepiga jazi Newcastle, na Summers alikuwa kazini tangu miaka ya 1960. Reggae nayo ilikuwa imejaa mjini. Sauti yao ilitokana na kuweka kasi ya panki na nafasi ya reggae ndani ya wimbo mmoja, na mtu aliyeamua lini itoke moja na iingie nyingine alikuwa amekaa nyuma ya dramu.

Sasa tuje kwenye pigo la 1. Kwenye roki ya kawaida, ngoma ya mguu inapiga 1 na 3, snea, ile ngoma ndogo yenye waya chini, inapiga 2 na 4. Kwenye wandropu ya reggae, ile aliyoisimamisha Carlton Barrett katika bendi ya Bob Marley, pigo la 1 linaachwa tupu, gita linakata 2 na 4, halafu ngoma ya mguu na kijiti cha ukingoni, yaani kijiti kinachogonga ukingo wa snea, vinaanguka pamoja kwenye 3. Hapa kubalianeni na wenzako mapema mnahesabuje. Hesabu hii ni ya kasi ya kama mapigo 140 hadi 150 kwa dakika. Akija mpiga besi anayehesabu polepole, yaani 70 hadi 75, kwake pigo hilo liko kwenye 2 na 4, na gita liko kwenye "na", yaani katikati ya namba na namba. Muziki ni uleule, lakini msipokubaliana mtabishana mazoezi mazima kuhusu nani amekosea.

Zoezi ni hili. Weka metronomu 120. Hesabu kwa sauti: 1 na 2 na 3 na 4 na. Mkono wa kulia upige hai-hati kwenye namba zote nne. Mguu wa kulia na kijiti cha ukingoni vianguke kwenye 3 tu. Kaa hapo dakika tano bila kuongeza kitu. Ukitulia, punguza metronomu hadi 60, ili mlio usikike kwenye 1 na 3 peke yake, nawe uendelee na kasi ileile. Ukizoea, geuza kichwani: mlio uwe ni 2 na 4. Hapo ndipo utajua kama mwendo uko ndani yako au umekuwa ukiegemea mashine. Kisha panda kwa hatua za 5 hadi ufike 150.

Linaloharibika hapa halibadiliki: mguu wa kulia unajipenyeza kwenye pigo la 1, na unafanya hivyo hasa ubeti unapoanza au baada ya kupamba kwenye ngoma za tomu. Mwili wa mpiga dramu wa roki umefundishwa kwamba pambo lolote linatua kwenye 1, kwa ngoma ya mguu na toazi kubwa la krashi. Kwa muziki huu, mtuo huo ndio unaorudisha uzito wote ulioutoa. Jizoeze pambo linaloishia kwenye 4, kisha 1 ipite kimya, 2 ipite na hai-hati peke yake, halafu utue kwenye 3. Copeland mara nyingi anaweka toazi dogo la splashi mahali ambapo hakuna ngoma ya mguu chini yake. Sauti inamulika na kuzimika, na mwendo hausimami. Ukilipiga toazi lilelile pamoja na ngoma ya mguu kwenye 1, linageuka kuwa alama ya nukta.

Sikiliza "Roxanne" kwa sikio hilo. Sting aliuleta wimbo ukiwa na mwendo wa bosanova. Copeland ndiye aliyependekeza mwendo mwingine, ambamo besi na ngoma ya mguu zinakaza pigo la 2, ukatoka ule mwendo unaofanana na tango. Katika beti, kila chombo kinakata na kunyamaza. Kiitikio kikifika, dramu zinanyooka na kuwa roki ya kawaida kabisa, snea kwenye 2 na 4, na wimbo unafunguka. Mpiga dramu anayepamba beti na kiitikio kwa kiasi kilekile anaua wimbo huu, kwa sababu nguvu ya kiitikio inatokana na njaa iliyojengwa kwenye beti. "So Lonely" unafanya jambo hilohilo kwa ukali zaidi: beti ni reggae, kiitikio ni panki ya mbio. Hesabu mliyoanzisha wimbo nayo ndiyo mtakayobaki nayo. Wanaojaribu kuongeza kasi ya metronomu wanapoingia kiitikio hujikuta hawajui warudi wapi. Kasi haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni idadi ya mapigo yanayosikika ndani yake.

"Spirits in the Material World", wa mwaka 1981, unaenda mbali zaidi. Kinanda kinakaa kwenye "na" kwa ukaidi kiasi kwamba msikilizaji anaanza kuamini "na" ndiyo pigo lenyewe. Msiuguse huo mpaka muwe mmeimudu "Walking on the Moon".

Hai-hati ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwa mpiga dramu huyu, na ndiyo inayoigwa vibaya kuliko zote. Watu wanasikia mapigo mengi ya haraka, wanajaza. Ukweli ni kwamba mkono wake unatunza sauti tatu tofauti kwenye matoazi hayohayo mawili, na anazipanga kama mtu anayezungumza. Ya kwanza ni ncha ya kijiti juu ya toazi lililofungwa: ndogo na kavu. Ya pili ni bega la kijiti, pale kinapoanza kuwa chembamba, kwenye ukingo: nene na yenye makali. Ya tatu ni toazi lililofunguliwa kidogo, likazimwa kwa mguu. Kabla ya kukimbilia kasi, piga bari nzima, yaani hesabu moja ya 1 hadi 4, kwa ncha peke yake, bari nyingine kwa bega peke yake, na uhakikishe mtu aliyesimama hatua kumi kutoka kwako anasikia tofauti. Asiposikia, hamna la kupanga.

Halafu jizoeze mkazo wa tatutatu. Piga nusu zote nane za bari, namba na "na" zake, kwa ncha, na katika kila tatu weka bega moja. Bari ya kwanza mkazo uko kwenye 1, kwenye "na" ya 2, na kwenye 4. Bari ya pili uko kwenye "na" ya 1, kwenye 3, na kwenye "na" ya 4. Bari ya tatu uko kwenye 2 na kwenye "na" ya 3. Bari ya nne unarudi kwenye 1. Wakati wote huo mguu na kijiti cha ukingoni vinabaki kwenye 3 bila kuyumba. Ukiyumba kwenye bari ya pili, sababu ni kwamba hapo mkazo wa mkono unakutana na 3 na mwili unadhani mzunguko umeanza upya. Punguza kasi hadi 90 na upige bari hizo tatu peke yake mpaka zikae.

Baada ya hapo ndipo uongeze yale mapigo ya haraka ya mikono miwili, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mkono wa kushoto una kazi ya kufika ukingoni kwenye 3, kwa hiyo mahali salama pa kupachika haraka hizo ni kati ya 4 na 1, au kati ya 1 na 2. Ukizipachika baada ya 2, kijiti cha kushoto kitachelewa kugeuka na pigo la 3 litatoka dhaifu, na hilo ndilo pigo pekee ambalo bendi nzima inalitegemea.

Kuhusu kufungua: fungua kwenye "na" ya 4, ufunge kwa mguu kwenye 1, bila kijiti. Utapata mlio mdogo wa matoazi yakikutana mahali ambapo wengine wangeweka ngoma ya mguu. Pengo kati ya matoazi mguu ukiwa juu liwe kama sentimita 1 hadi 1 na nusu. Likizidi hapo, kufunga kunachelewa, na mlio unaangukia baada ya 1. Toazi la chini liinamishe kidogo kwa skrubu iliyo chini yake, maana yakikutana sawasawa kabisa hewa inanaswa katikati na sauti inakufa. Copeland alitumia hai-hati za inchi 13, ambazo hufunga upesi na zina sauti ya juu. Zako za inchi 14 zitafanya kazi. Ila chagua jozi nyepesi ukiwa na uchaguzi.

Snea yake ilisikika juu sana kuliko ya wapiga roki wa wakati wake, na hilo lilikuwa na sababu ya kimuziki. Summers alipiga kodi pana, yaani noti kadhaa kwa pamoja zilizoachana, akazipitisha kwenye mashine ya mwangwi ya Echoplex na kwenye flanja ya Electric Mistress, kifaa kinachofanya sauti iwe kama inazunguka. Gita la namna hiyo linakaa katikati ya masafa yote na halitoki. Snea iliyolegezwa ingegombania mahali hapohapo na ingemezwa. Snea iliyokazwa inakaa juu ya gita, besi na ngoma ya mguu zinakaa chini, na kila kitu kinasikika bila mtu kuongeza sauti. Bendi ya watu watatu inahitaji mgawanyo huo kuliko bendi yenye watu wanane.

Ili kuipata, toa waya za chini, ulaze snea juu ya zulia, uanze na ngozi ya chini. Kaza kila boliti kwa vidole mpaka igome, kisha nusu mzunguko kwa ufunguo, ukienda kutoka boliti moja hadi ile inayotazamana nayo, kamwe usiende kwa kuzunguka. Endelea kwa robo mzunguko mpaka ngozi ikibonyezwa katikati kwa kidole gumba isizame ila kidogo sana. Ngozi ya chini ni nyembamba mno, kwa hiyo ukiona mikunjo pembeni au ukisikia inalia kwa kukatika, rudisha robo. Geuza, ufanye vivyo hivyo juu, ukipiga kijiti sentimita 3 kutoka kila boliti na kulinganisha sauti mpaka zote ziwe noti moja. Rudisha waya, uzikaze mpaka ule mtikisiko wa mchangamchanga upotee, kisha legeza kidogo. Waya zikikazwa kupita kiasi, snea inakabwa na mapigo madogo ya kunong'ona hayasikiki, wakati nusu ya uhai wa Copeland iko kwenye mapigo hayo. Usibandike utepe wala kitambaa juu. Ikiwa inalia sana chumbani, subiri kwanza besi na gita viingie ndipo uamue.

Kwenye viitikio piga ngozi na rimu, ule ukingo wa ngoma, kwa wakati mmoja. Ukipata mlio huo mara tatu tu katika kumi, tatizo liko kwenye kimo cha stuli au cha snea: kijiti kinapaswa kuteremka karibu sambamba na ngozi. Pandisha snea kwa sentimita moja moja mpaka upatikane bila kujitahidi.

Kijiti cha ukingoni nacho kina mahali pake. Geuza kijiti, ncha ilale juu ya ngozi sentimita 4 hadi 6 kutoka ukingo wa karibu, na upande mnene uanguke kwenye rimu ya mbali. Sogeza mbele na nyuma polepole huku ukipiga. Kuna sehemu moja ambapo mlio unageuka kutoka tiki nyembamba kuwa gogo lenye mwili. Weka alama ya kalamu kwenye kijiti hapo. Bila alama, kila wimbo utatoka na mlio wake.

Mpaka hapa tumezungumzia dramu tu, na kusema kweli nusu ya tatizo lako huenda haiko kwako. Mpiga besi "aliye vizuri" kwenye bendi ya reggae ya hoteli mara nyingi ni mtu anayejaza. Katika "Walking on the Moon" besi ya Sting ni noti chache, kisha ukimya mrefu, na hai-hati ya Copeland inaongea ndani ya ukimya huo. Mpiga besi wenu akiujaza, hai-hati yako inakuwa kelele juu ya kelele. Mwombe apige wimbo mzima kwa noti zile tu za mwanzo, azizime kwa kiganja mara zinapokwisha, asiongeze hata ya kupitia. Mpiga gita naye, kama amelelewa kwenye rumba na mkono wake umezoea kutiririka bila kukatika mpaka sebene, itamwuma kupiga kodi moja na kuiacha ining'inie bari mbili. Mwache aisikie kwanza kwenye rekodi ya simu. Watu hukubali upesi wakisikia, kuliko wakiambiwa.

Mwangwi unasaidia kujaza bila kupiga. Copeland aliziunganisha dramu zake na mashine ya mwangwi ya Roland, Space Echo, hasa jukwaani. Kama mixa yenu ina dilei, yaani mwangwi wake, tuma kwake maikrofoni ya hai-hati na ya snea peke yake, usitume ya ngoma ya mguu kwa kuwa chini patachafuka. Muda unaupata kwa kugawa 60,000 kwa kasi ya wimbo: kasi ya 150 inatoa milisekunde 400 kwa pigo moja. Zidisha kwa 0.75, upate 300, na mwangwi utaanguka kati ya mapigo yako, usiyafunike. Kwa 120 ni 500, na robo tatu yake ni 375. Rudio liwe moja au mawili, sauti yake iwe chini ya nusu ya ile halisi. Na lazima uusikie kwenye spika yako ya jukwaani, vinginevyo usiutumie kabisa. Mwangwi haukusubiri: muda wake haubadiliki, kwa hiyo kadiri unavyokimbia ndivyo unavyoanguka mahali pasipo pake, na msikilizaji anaanza kusikia wapiga dramu wawili.

Hapo tunafika kwenye jambo la tatu, kusukuma, na linahitaji tahadhari. Copeland anajulikana kwa kuegemea mbele, na nyimbo zao jukwaani mara nyingi zilikwenda mbio kuliko kwenye rekodi. Sting alilalamikia hilo hadharani, na mvutano kati yao haukuwa siri. Mvutano huo unasikika ndani ya muziki, na kwa maoni yangu ni sehemu ya uzuri wake: besi imetulia mahali pake, hai-hati inavuta mbele kama mbwa aliyefungwa kamba, na wimbo unasisimka bila kuongezwa sauti. Lakini inafanya kazi kwa sababu Sting hakumfuata. Mpiga dramu akisukuma na besi ikamfuata, mtakuwa mmeongeza kasi tu, na mwisho wa wimbo mwimbaji hatakuwa na pumzi.

Kwa hiyo kinachosukuma kiwe mkono wa hai-hati peke yake, na kwa kiasi ambacho mtu asiye mwanamuziki hawezi kukitaja. Pigo la 3 la mguu na la ukingoni likae palepale penye besi. Rekodi wimbo mzima kwa simu, upime kasi ya bari nane za mwanzo na bari nane za mwisho kwa programu ya kugonga kasi. Tofauti ya mapigo 2 au 3 inavumilika. Ikifika 6, acha kusukuma kwa mwezi mzima, upige sambamba na besi, kisha ujaribu tena.

Kuna pingamizi moja la haki dhidi ya yote niliyoandika. Wimbo wao mkubwa kuliko yote, "Every Breath You Take" wa mwaka 1983, uliokaa namba 1 Marekani kwa wiki 8, karibu hauna lolote kati ya haya. Mapigo ni manyoofu, snea iko kwenye 2 na 4, hakuna splashi za kushtukiza. Albamu yenye wimbo huo ilirekodiwa kisiwani Montserrat, kwenye studio za AIR, dramu zikiwa zimewekwa kwenye chumba cha kulia chakula, mbali na chumba cha mitambo, na Sting alitaka wimbo huo ubaki mtupu. Alikuwa sahihi. Gita la Summers katika wimbo huo halipumziki, linazunguka noti kwa noti tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na ukimya wa kuuwekea mazungumzo ya hai-hati. Ndiyo maana sikushauri uanze kwa kuuliza "nipambe wapi". Uliza gita na besi vimeacha nafasi wapi. Kama hapana nafasi, piga kama alivyopiga Copeland hapo, yaani kama mtu yeyote mwenye nidhamu. Huo uamuzi nao ni wake.

Na wapiga dramu wengine wasiofuata kawaida walileta vitu vingine kabisa, kwa hiyo usiwachanganye. Keith Moon wa The Who alijaza karibu kila nafasi na mara nyingi hakuitumia hai-hati hata kidogo. Maureen Tucker wa The Velvet Underground alipiga amesimama, ngoma kubwa imelazwa ubavu, matoazi machache mno. Ringo Starr ni mtu wa mkono wa kushoto aliyekaa kwenye dramu zilizopangwa kwa mkono wa kulia, na mapambo yake yanatua mahali ambapo wengine hawafikirii. Ukichukua mapambo ya Moon ukayapachika kwenye "Walking on the Moon", utaubomoa wimbo kwa dakika moja.

Kuhusu zile ngoma nyembamba: zinaitwa Octoban, za kampuni ya Tama. Kipenyo ni inchi 6, urefu unatofautiana ili kila moja itoe noti yake, seti kamili ni 8, na Copeland alitumia 4. Usizinunue sasa. Zinasikika mara chache kwa wimbo, zinataka stendi na maikrofoni zake, na hotelini zitakula nafasi ya kukaa. Fedha hiyo nunua splashi moja ya inchi 8 au 10, ngozi mpya mbili za snea na vijiti vyepesi. Splashi iweke kushoto, juu ya hai-hati, uifikie bila kunyoosha kiwiko, na skrubu yake uiache legelege iyumbe. Ikibanwa itapasuka ukingoni ndani ya muda mfupi. Nyimbo zifuate mpangilio huu: "Walking on the Moon" kwanza, mpaka besi iwe na ukimya wake, kisha "Roxanne", na "So Lonely" mwisho, kwa sababu kiitikio chake kitafichua kama pigo la 3 kwenye beti lilikuwa imara au mlikuwa mnabahatisha.